Neno Nililomnyima Bibi

Mama anakwenda Hija mwezi ujao, na nyumba yake imegeuka kituo cha simu. Ameandika nyuma ya bahasha majina ya watu wote aliopata kuishi nao, kufanya kazi nao au kugombana nao, na kila jioni baada ya kula anavaa miwani na kuwapigia mmoja mmoja. "Nisamehe, mwaya. Kama nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua." Huko upande wa pili wanalia, wanacheka, wanakumbushana sufuria iliyoazimwa ikarudi imetoboka. Kisha Mama anakata jina kwa mstari na kwenda kwa linalofuata. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake Edmonton, kaskazini mwa London, kumsaidia kuteremsha sanduku kubwa lililo juu ya kabati. Nilipolifungua huko huko juu nilipunguze uzito, likatoka koti la Bibi.

Ni koti la kijivu, mtumba wa papa hapa London, limekaa humo miaka na miaka. Nililitia usoni. Udi ulikuwamo bado, kwa mbali, na yale mafuta ya karafuu aliyokuwa akijipaka magotini. Mimi mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nikaanza kulia nikiwa juu ya ngazi.

"Shuka kwanza," Mama akasema. "Utavunja shingo. Ukifika chini lia utakavyo."

Nikashuka, nikaendelea. Mama akanisubiri nipenge kamasi, halafu akaichukua bahasha yake mezani. "Limebaki jina moja," akasema. "Lako." Nikamwambia aningoje ninywe chai kwanza. Akanitazama kwa jicho ambalo nilijua linatoka wapi, maana mimi na msamaha tuna historia ndefu katika nyumba ile.

Nilikuwa na miaka minane Bibi alipokuja kutoka Tanga kwa viza ya miezi sita. Kabla yake nyumba ilikuwa mahali pa kulala tu. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, asubuhi kwa huyu, jioni kwa yule, katikati basi na basi jingine, na mimi nikitoka shule nilikaa kwa jirani mbele ya televisheni mpaka nije kuchukuliwa nikiwa nimeshasinzia. Halafu Bibi huyo mlangoni, mdogo, mweusi tii, kavaa soksi ndani ya makubadhi. "Mke mwenzangu!" akaniambia. "Mbona umekonda hivi, mume wetu hakulishi?" Mume wetu alikuwa babu yangu, marehemu siku nyingi. Utani huo sikuujua. Nilidhani Bibi amechanganyikiwa na safari, nikajificha nyuma ya Mama.

Wiki moja baadaye mtu asingenitoa kwenye magoti yake ila kwa winchi. Nilikuwa nikirudi shule napata harufu ya mkate wa sinia tangu kwenye ngazi. Nazi ya kopo aliitukana kila siku, na kila siku akaipikia. Alikaa chini mgongo kwenye hita, mimi katikati ya magoti, ananisuka na kunipaka mafuta mpaka shingoni, huku akinipa habari za watu wa mtaani kwake kana kwamba nitakutana nao kesho asubuhi. Mpaka leo najua nani alimwibia nani kuku, na nani aliolewa na nani kwa hasira. Jamani, ninavyoyatamani magoti yale.

Ulaya haikumshangaza sana. Treni ya chini ya ardhi aliipanda kama mtu aliyezaliwa nayo. Theluji ilipoanguka aliitazama dirishani, akasema, "Kumbe ndiyo hii," akafunga pazia. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni birika la umeme. "Unabonyeza, unageuka kuchukua kikombe, maji yamechemka!" Alikuwa akiniita nije nishuhudie, kama vile mimi ndiye mgeni.

Wakati huo nilikuwa na swali. Madrasa ya Jumamosi walitufundisha kwamba kila mtu ana malaika wawili, wa kulia anaandika mema na wa kushoto anaandika maovu. Jumamosi iliyofuata wakatufundisha kwamba yote yameshaandikwa kabla hatujazaliwa. Nikanyoosha mkono: sasa kama yameshaandikwa, huyu wa kushoto anaandika nini tena? Mwalimu akaniambia nikae chini. Nikalipeleka swali kwa Bibi, na Bibi akasema waziwazi kwamba hajui, jambo ambalo watu wazima wa kwetu hawana. Alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu akaniita jikoni.

"Bonyeza hilo birika."

Nikabonyeza. Likaanza kunguruma.

"Limewahi kukwambia leo sitaki, nimechoka?"

"Hapana."

"Basi malaika ndivyo alivyo. Akiamrishwa, anafanya. Wewe nikikwambia kakoge, unasemaje?"

"Nasema sitaki."

"Ehee! Hiyo sitaki yako ndiyo inayokufanya uandikiwe. Siku ukienda kukoga mwenyewe bila kusukumwa, hapo ndipo pana thawabu. Hayo yaliyoandikwa huko juu Mungu anayajua mwenyewe. Mimi najua kitu kimoja, wewe hubonyezwi." Akamimina chai. "Haya, nenda kakoge."

Sikwenda. Nilijiona mkubwa sana siku hiyo.

Sitaki yangu ya maana ya kwanza niliitumia vibaya. Bibi ndiye aliyekuwa akinipokea shuleni. Siku moja ya mvua akaja getini na koti hili hili, kanga moja kiunoni juu ya koti, nyingine kichwani, na juu ya ile ya kichwani amefunga mfuko wa plastiki asilowe. Darasani kwetu kulikuwa na msichana mmoja niliyekuwa natamani mno awe rafiki yangu. Akaniuliza yule ni nani. Hakuna aliyenibonyeza. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba ni mwanamke anayekuja kutufanyia usafi. Bibi aliponishika mkono, nikauchomoa. Kiingereza hakukijua, lakini mkono kuchomolewa kila mtu anaelewa. Akanifinya juu ya kiwiko, ule mfinyo wa kuzungusha, mpaka machozi yakanitoka, na yule msichana akacheka. Tulipofika kituo cha basi, Bibi alifungua kanga ya kiunoni akanifunika nayo, kwa sababu nilikuwa nalowa.

Rafiki pekee aliyempata London alikuwa Bi Rukia, mzee wa Mombasa aliyekaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Walikuwa wakibishana kila walipokutana, nani anajua kupika biriani, Tanga au Mombasa. Kisha Bi Rukia akaugua figo, kitanda chake kikateremshwa sebuleni, na akaanza kuomba radhi. Kwetu mtu akiwa taabani, au akisafiri mbali, huomba watu msamaha. Mungu husamehe yaliyo kati yako na Yeye, lakini ukimkosea mja, mpaka mja mwenyewe aseme. Basi watu wakaja, wengine wakapiga simu, wote wakasema. Akabaki dadake mmoja huko Mombasa, waliyenuniana naye tangu harusi fulani ya zamani. Dada akakataa siku kumi nzima, na siku kumi zote Bi Rukia akawa yupo, hafi, haponi. Siku ya kumi na moja nilikuwa nimekaa na Bibi kando ya kitanda simu ilipolia. Wakamwekea sikioni, na sote tukaisikia ile sauti: "Nimekusamehe, dadangu. Duniani na akhera." Bi Rukia akatabasamu. Kesho yake akafa.

Msibani nilikuwa nikipita na sinia ya vikombe jikoni, na wanawake walikuwa wakisema, "Alikuwa anamsubiri dadake tu. Alipopata radhi, akaondoka zake." Walisema kwa kufarijiana. Mimi nilisikia maelezo ya namna mtu anavyouawa. Nikalielewa jambo zima pale pale, vikombe mkononi: kila anayekusamehe anakufungulia kamba moja, na kamba ya mwisho ikifunguka, unakwenda. Yule dada wa Mombasa nilimchukia kwa moyo wangu wote. Si angekaa na neno lake tu?

Wiki tatu baadaye viza ya Bibi ikafika mwisho. Masanduku yalikuwa sebuleni, tumeyapima kwa mizani ya bafuni, tumetoa, tumerudisha, tumetoa tena. Teksi ilikuwa nje. Bibi akamshika Mama mikono na kumwomba msamaha, na Mama akasema hapo hapo, wakakumbatiana wakilia. Nikaona kamba moja imefunguka. Halafu Bibi akakaa juu ya sanduku tukawa tunatazamana macho kwa macho.

"Mke mwenzangu," akasema, "mimi mtu mzima, naenda safari, sijui kama tutaonana. Siku ile getini nilikufinya, nikakuumiza mbele ya wenzio. Nisamehe."

"Sikusamehe," nikasema.

Mama aligeuka polepole. "Unasemaje?"

"Sikusamehe."

"Mwanahamisi! Huyo ni bibi yako! Sema nimekusamehe, gari linangoja! Una shetani wewe?" Akainua mkono. Bibi akaudaka juu kwa juu.

"Mwache, Zaina. Hana shetani, ana yeye mwenyewe." Akaushusha mkono wa Mama, macho yake yakiwa kwangu. "Ukimpiga akasema, utakuwa umesema wewe. Ya kulazimishwa haihesabiwi."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliogopa. Nilimwona bibi yangu akiogopa, mwanamke aliyepanda ndege peke yake bila kujua neno la Kiingereza, na aliyemwogofya ni mimi. Kwake yeye mambo haya hayakuwa maneno ya adabu tu. Alikuwa anarudi kwao, amezeeka, na haki ya mtoto wa miaka minane iko shingoni mwake, na mtoto amekataa. Alingoja kidogo. Nikabana meno. Akavua koti, akasema kule litamuua kwa joto, akalitundika mlangoni, akatoka. Nilimtazama dirishani mpaka teksi ikakata kona. Nililia, lakini moyoni nilikuwa na ushindi. Nilikuwa nimemfunga Bibi duniani kwa kamba yangu mwenyewe.

Mama hakunisemesha siku tatu, na nyumba ikarudi kuwa mahali pa kulala.

Kila Jumapili tulinunua kadi ya simu ya kukwangua dukani, na baada ya Mama kumaliza mazungumzo yake, nilipewa mimi. Shikamoo Bibi, marahaba, umekula, umesali. Kisha sauti ya Bibi ilikuwa ikishuka. "Tayari, mke mwenzangu?" Nami nikajibu, "Bado, Bibi." Akaniaga. Ilikuwa hivyo mwaka mzima na zaidi, mpaka siku moja akauliza, "Mfinyo gani huu usiokwisha kuuma?"

Nikapasuka. Nikamweleza yote kwa kwikwi, Bi Rukia, simu, dada wa Mombasa, kamba. Upande wa pili kimya. Nilidhani kadi imekwisha. Mara nikasikia Bibi anacheka, anacheka mpaka anakohoa, anamwambia mtu ampe maji.

"Siku ya mtu iko kwa Mungu," akasema alipopata pumzi. "Haishikwi na ulimi wa mtoto."

"Basi nikwambie nimekusamehe?"

Hapo alisita. Naapa alisita. "Aa, usiniambie," akasema. "Hebu shikilia hapo hapo kwanza."

Tangu hapo ikawa siri na mchezo wetu. "Tayari?" "Bado, Bibi." "Haya, basi nipo." Mama, aliyekuwa akisikia upande wangu tu, aliona aibu miaka yote hiyo, akiamini amezaa mtoto mwenye moyo wa jiwe. Sikumwambia. Nilipofika miaka kumi na tano nilikuwa nimeshasoma mambo ya figo na moyo, na nilijua vizuri kilichomuua Bi Rukia. Bado nikawa nasema bado. Tulitaka kwenda Tanga mara mbili, mara zote mbili kitu kikazuia, zamu, mitihani, makaratasi. Tukaambiana mwakani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mjomba alipopiga. Paspoti zetu zote mbili zilikuwa ofisi ya uhamiaji, Croydon, zikisubiri mhuri, kwa hiyo safari hata usiitaje. Ilikuwa mchana, Mama na mimi tumesimama jikoni, simu iko mezani kwa sauti ya wote. Mjomba alisema Bibi ana wiki tatu hali chakula, anaumwa sana, na watu wote wameshampa radhi. "Umebaki wewe, Mwanahamisi," akasema. "Anakuuliza wewe tu." Akamwekea Bibi simu sikioni.

Nilimtazama Mama. Safari hii hakuinua mkono. Aligeukia dirisha. Nikaelewa kwamba hakuna atakayenisukuma, na kwamba ningekataa, hakuna ambaye angeweza kunifanya lolote. Nilijua kwamba neno haliui. Nilijua pia kwamba yuko pale kitandani, anasikia maumivu, anangoja. Na mdomo wangu, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, ulikuwa mzito kama siku ile mbele ya sanduku.

"Bibi. Nimekusamehe. Duniani na akhera."

Pumzi yake ilikuwa ikikwaruza. "Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Hukubonyezwa?"

"Sikubonyezwa, Bibi." Nikalia, nikasema lile nililopaswa kulisema kabla ya yote. "Na mimi nisamehe. Siku ile getini nilikukana. Nilimwambia yule msichana kwamba wewe ni mfanyakazi wa usafi."

"Ile?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini utani ulikuwamo. "Ile nilikusamehe kabla hatujafika kituo cha basi."

Akafa kesho yake asubuhi. Matanga tuliyaweka sebuleni kwetu. Watu wa Edmonton wakaja na sufuria zao, na nikiwa ninaosha vikombe nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwa upole, "Alikuwa anamsubiri mjukuu wake tu." Nikaacha maji yakichuruzika, nikatoka nje bila koti. Mama akanifuata. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama kati ya mapipa ya taka, mambo ya kamba na ule mchezo wa Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifunga mtandio wake mabegani, tukarudi ndani.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi ni malaika yupi aliyeandika siku ile ya teksi. Nilimnyima mtu haki yake, akasafiri na hofu, na huo ni uovu, sina la kujitetea. Nilimnyima kwa sababu nilimpenda kuliko kitu chochote. Na niseme kweli, maana Bibi hakupenda uongo, kulikuwa na kinyongo kidogo humo ndani. Mfinyo ulikuwa bado unaniuma, na yule msichana hakuwa rafiki yangu. Vyote hivyo vilitoka kwenye mdomo mmoja kwa neno moja. Nadhani wote wawili waliandika. Lakini ningerudishiwa kitu kimoja tu cha maisha yangu, ningeomba Jumapili moja, kadi ya simu imeshakwanguliwa, na mtu wa upande wa pili ananiuliza kama niko tayari.

Hayo yote yalipita kichwani mwangu Jumamosi, koti likiwa mapajani, chai ikipoa. Mama alikuwa amekaa mbele yangu na bahasha yake, majina yote yamekatwa isipokuwa la mwisho. Amezeeka. Magoti yamemwisha kwa miaka ya kuwainua wazee wa watu, na naye sasa ananukia mafuta ya karafuu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Zamu zile. Ulikuwa mdogo, nikawa nakuacha kwa watu mpaka unalala. Nilikuwa nakubeba kukurudisha nyumbani, hujui hata kama nimekuja."

Nilikuwa nimeshamsamehe zamani, siwezi hata kusema lini. Sikuwa na kinyongo hata chembe. Nilifungua mdomo niseme hivyo, na nilikusudia kusema hivyo. Nikatazama mikono yake, ngozi imelegea, kalamu iko tayari juu ya jina langu.

"Bado, Mama," nikasema.

Kalamu ikasimama. Alivua miwani, akanitazama sana, na mimi, kwa mazoea ya zamani, nikaangalia kama atainua mkono. Aliinua. Akachukua bahasha, akaikunja mara mbili jina langu likiwa halijakatwa, akaitia kwenye mfuko wa koti la Bibi.

"Mama yangu ulimpa miaka kumi na moja," akasema. "Mimi usinipunguzie."